Baraza ya Bibi kwenye Lango la Ngome

Harufu ya maji yaliyotuama, yenye majani na matope, hunirudisha kwenye kiangazi kile Bibi alipotoka Pemba kuja kukaa nasi Ilford, London. Mama alitaka mamake asirudi tena. Nami nilitaka hivyo hivyo, maana tulilala chumba kimoja na nilishazoea harufu ya udi kwenye nguo zake. Bibi alisema atatoa jibu baada ya Sikukuu.

Siku ya Idi familia kadhaa za Kizanzibari zilikodi basi, tukaenda kutazama ngome moja nje ya London. Ilikuwa ya matofali mekundu, imezungukwa na handaki la maji pande zote. Kijana aliyetutembeza alieleza kwamba ilijengwa zama za Renesansi, matajiri walipoacha kuogopa vita wakaanza kuiga majumba ya Kitaliano. Ndiyo maana madirisha yalikuwa mapana, yamepangwa sawasawa, na maji yale hayakuwa ya kuzuia adui tena, yalibaki kwa fahari tu. Mama alifasiri yote hayo. Bibi hakusikiliza hata nusu, kwani alikwishaona kitu anachokijua.

Ndani ya lango, kulia na kushoto, kulikuwa na viti virefu vya mawe vilivyojengewa ukutani. Kwetu hiyo ni baraza. Bibi akavua viatu, akaketi, akafungua chupa ya chai na kibati cha halua, akaanza kupokea wageni.

"Karibuni kitako! Karibuni!"

Wazungu walitabasamu, wakapita. Mmoja aliomba radhi kabisa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, hapa walikaa watu waliosubiri kuitwa na bwana," Mama akamfasiria.

"Na bwana mwenyewe akikaa wapi?"

"Ndani, juu."

Bibi akafunga kibati taratibu. "Nyumba nzuri, mwanangu. Lakini mie nirudisheni Wete, nikae watu wakipita wanione."

Aliondoka kabla ya baridi kuanza. Nililia sana.

Sasa nina fleti yangu, yenye kengele ya kamera na jirani nisiyemjua jina. Mwaka jana niliweka kiti nje ya mlango, kwenye ujia. Msimamizi wa jengo akanitumia ujumbe wa adabu kwamba kinazuia njia ya kutokea moto ukiwaka. Nikakirudisha ndani, nikakielekeza mlangoni. Hapo ndipo ninywapo chai jioni, nikisikiliza watu wakipita.