Nilimtungia ex wangu wimbo wa uongo, mamake akanipigia simu: jinsi album yetu ya rock ilivyozaliwa Bahati

Wakuu, niaje.

Miaka yote nimekuwa nikisoma visa vyenu hapa, nacheka, natoka bila hata kuacha like. Leo zamu yangu. Sitaongeza chumvi, na pale nilikuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga. Mtaona hiyo sehemu ni kubwa.

Niite Kim. Nakaa Nakuru, kazi yangu ni kutengeneza friji na freezer. Lakini pia nina bendi ya rock.

Ndio, rock. Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "hizo ni kelele za shetani". Tulia boss, babangu alikutangulia.

Tuko watatu. Mimi naimba na kupiga gitaa. Wafula yuko kwa drums, ni fundi wa magari, babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli na hawakurudi tena magharibi. Achieng anapiga bass, na wiki nzima yuko Naivasha kwa shamba la maua akifunga maua ya kupelekwa ng'ambo. Off yake ndio siku yetu ya mazoezi. Bendi inaitwa Kreta, kama ile ya volkano iko juu ya mji wetu.

Sasa twende kwa Chebet.

Chebet ni mwalimu wa primary, kwao Olenguruone, juu milimani. Tulijuana nikienda kutengeneza freezer ya duka la shangazi yake. Nilimaliza hiyo kazi kwa nusu saa, alafu nikajifanya imenishinda mpaka jioni. Tukapendana. Miaka miwili safi kabisa, hata wazazi wakaanza kuitana kwa jina.

Ikapangwa Jumamosi moja wazee wetu wapande Olenguruone kujitambulisha rasmi. Kwao wakatenga mbuzi wa kuchinja, wazee wa ukoo wakaitwa.

Siku tatu kabla, tukapata show Nairobi, Jumamosi hiyo hiyo. Tulikuwa wa kufungua, saa tatu asubuhi, saa ambayo hata watu wa spika bado wanakunywa chai.

Nikapiga hesabu ya kijinga. Nikimaliza saa nne, saa tisa niko Olenguruone. Nikaambia wazazi watangulie.

Wakuu, show gani hapa Kenya imewahi kuanza kwa time?

Tulipanda stage saa kumi jioni. Na sikutoroka. Ningeweza kutoroka, Wafula hata aliniambia, "Kim, enda, nitaeleza watu." Nikabaki. Nilitaka ile stage kuliko nilivyotaka kukaa kwa hiyo nyumba na wazee. Ndio ukweli, na ilinichukua miezi kuusema.

Nilifika Olenguruone kesho yake asubuhi, na soda na pole nyingi. Chebet alinipata kwa gate. Hakupiga kelele.

"Babangu alikuwa ananiuliza kila nusu saa uko wapi," akasema. "Nikawa namwambia uko karibu. Uko karibu. Mpaka giza ikaingia. Umenifanya muongo mbele ya wazee, Kim. Rudi tu."

Nikarudi na soda zangu.

Hapa ndio ujinga namba mbili unaanza.

Mtu akiachwa kwa makosa yake, inauma vibaya kuliko kuachwa bure, kwa sababu huna mtu wa kutukana. Mimi nikajitengenezea wa kutukana. Nikaandika wimbo unaitwa "Chebet wa Prado". Ati demu wa milimani ameona mtu wa Prado, lile gari kubwa la matajiri, amesahau fundi wa friji. Nikauimba kwa hasira, gitaa imefunguliwa sauti yote, nikaurekodi na simu nikauweka mtandaoni.

Wimbo ukashika. Si kidogo. Watu walikuwa wanajirekodi wakipiga kelele ile chorus kwa gari, kwa saluni, kila mahali. Jamaa mmoja wa kuandaa show Nairobi akatupigia, anataka tuje kufunga tamasha lake, mradi huo wimbo uwe wa mwisho.

Wafula alinibeba juu juu kwa garage yake. Achieng akauliza swali moja tu.

"Kuna mtu wa Prado?"

"Ni wimbo tu, Achieng."

"Sijauliza kama ni wimbo."

Nikabadilisha story.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa butchery moja mtaani, nimepiga magoti nyuma ya freezer, simu ikalia. Namba sijui.

"Kimani?"

"Ndio."

"Ni mama Chebet."

Nikasimama mpaka nikagonga kichwa.

"Hiyo Prado iko wapi?" akauliza.

Nikashika pale nimegonga.

"Nauliza kwa sababu huku watu wanaitafuta. Watoto wa shule wanauliza mwalimu wao Prado ameficha wapi. Jumapili hakuenda kanisa, amesema anaumwa, na mimi najua haumwi. Wewe ulikula kwangu, Kimani. Mimi nilikukosea nini?"

Akangoja. Alitaka jibu kweli. Nikasema, "Hakuna kitu umenikosea, mama."

"Haya," akasema, na akakata.

Mwenye butchery akaniuliza kama ni stima ya freezer imenipiga. Nikamwambia ndio.

Siku hiyo niliufuta ule wimbo mtandaoni. Nikaandika pale pale kwa page yetu: Hakuna Prado. Nilikosa siku ya wazee kwa sababu ya show, nikaachwa, nikadanganya. Samahani Mwalimu.

Mtandao haukunihurumia. Picha yangu iliwekwa kando ya kila Prado iko hii nchi. Jamaa wa tamasha akasema bila huo wimbo hana haja na sisi. Wafula, ambaye alikuwa ameshaambia ukoo wote, alikaa wiki mbili bila kuongea na mimi. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemharibia mara mbili, kwa kuweka wimbo na kwa kuutoa.

Aliyerudisha bendi ni Achieng. Alikuja kwangu na bass mgongoni akasema, "Sasa si umeshaaibika? Andika ya ukweli. Huna kitu ya kuficha tena."

Nikaandika. Nyimbo tisa kwa muda mfupi, kitu sijawahi kufanya maisha yangu. Kuhusu gate. Kuhusu babangu, vile alikaa kwa watu siku nzima akijibu maswali kuhusu mimi. Kuhusu kupiga gitaa vizuri sana siku hupaswi kuwa hapo. Nilisomea Wafula moja akiwa chini ya gari. Mkono ukatoka: "Lete spana ya kumi na saba. Na hiyo tutaipiga slow mwanzo."

Nikajua tumesameheana.

Studio hatukuwa nayo. Shangazi yangu ako na stoo ya mahindi huko Bahati, nje kidogo ya Nakuru, ambayo ilikuwa imebaki tupu, tukatundika magunia kwa kuta sauti isirudi. Shida moja: ukuta wa pili ni posho mill ya Mama Njoki, anasagia watu unga. Hiyo mashine ikinguruma, hata mawazo yako huyasikii. Tukaenda kumwomba.

"Mimi nasimamisha saa saba nikule, nawasha saa nane," akasema. "Hapo katikati pigeni mpasuke."

Basi album nzima tulirekodi kati ya saa saba na saa nane mchana. Ilikuwa raha ajabu. Saa saba kamili mashine inazima, Wafula anahesabu nne, tunaingia. Kuna wimbo tulichelewa kumaliza, mama akawasha mashine ikiwa bado chorus ya mwisho. Tukaiacha hivyo. Sasa hivi watu wa gitaa wananiandikia wakiuliza ule mngurumo nilitumia pedal gani.

Kabla ya kutoa album, nikasema lazima kwao Chebet waisikie kwanza. Achieng akaniambia wanaweza kunifukuza. Nikasema sawa, wanifukuze.

Nikapanda Olenguruone. Nilienda mapema kuliko jogoo, tusirudie historia. Babake alikuwa kwa boma akiangalia ng'ombe. Nikaomba msamaha kwake na kwa mamake, bila kueleza mambo ya ratiba. Mzee akasikiza akiegemea fito. Alafu akasema, "Leta hiyo kitu tusikie."

Tukakaa nje, nikaletewa mursik, yale maziwa lala ya kibuyu, nikaweka simu kwa stuli. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo Chebet alikuwa nyumbani. Alitoka akasimama kwa mlango.

Nikacheza ule wimbo wa siku yenyewe, unaitwa "Niko Karibu". Dakika nne za drums na gitaa. Ng'ombe wawili walisogea.

Ikaisha. Mzee akaangalia simu.

"Umesema nini hapo?"

"Nimeomba msamaha, mzee."

"Mimi sijasikia. Nimesikia vita." Akakunywa maziwa yake. "Mtu akiomba msamaha, hapigi kelele. Rudia polepole."

Sikuwa na gitaa. Nikaimba tu hivyo, mdomo mtupu, mbele ya wazazi na ng'ombe. Nilipomaliza mamake alikuwa anaangalia chini. Chebet akauliza, "Jina langu liko hapo?"

"Haliko."

"Sawa. Lakini sirudi, Kim."

"Najua. Sikuja kwa hiyo."

Na hapo nikagundua ni ukweli, sikuwa nimekuja kwa hiyo.

Tukarekodi "Niko Karibu" upya. Gitaa moja, Achieng chini chini, Wafula akipiga gunia la mahindi na viganja. Tukaiweka ya mwisho kwa album, tukidhani hakuna mtu wa rock atafika huko.

Wakuu, ndio iliyovuma.

Kwa sababu nani hapa Kenya hajawahi kusema "niko karibu" akiwa bado anatafuta viatu? Watu walianza kuitumia kuchekesha waliochelewa, alafu wakasikiza maneno wakaacha utani. Radio za Nairobi zikaichukua, na watu wakarudi nyuma kusikiza zile nane zenye kelele. Jamaa wa tamasha alipiga tena. Wafula ndiye alishika simu. Sitaandika alichosema. Show ya kuzindua tulifanya Nakuru, Jumapili mchana, ukumbi ukajaa hadi wengine wakasikilizia dirishani. Mama Njoki alikaa mbele na ameziba masikio, lakini hakutoka.

Chebet alinipigia wiki iliyofuata.

"Wanafunzi wangu wanaimba hiyo yako," akasema. "Nimewaambia namjua mwenye wimbo."

"Uliwaambia ni nani?"

"Nikawaambia ni fundi wa friji." Akacheka. Sikuwa nimesikia hiyo kicheko tangu mambo iharibike. "Ni nzuri, Kim. Sasa imba juu ya kitu ingine."

Somo langu ni hili. Hasira ilinipa wimbo wa wiki mbili. Aibu yangu mwenyewe, nilipoacha kuikimbia, ikanipa album. Na ukimtungia mtu uongo, ule uongo unamfuata mpaka kanisani, mpaka darasani. Mtu mwenye jina si kitu ya kuchezea.

Sasa nina shida mpya, na hapa ndio nawahitaji. Watu wanataka album ya pili. Nimekaa na gitaa wiki ya tatu. Nalala vizuri, kazi iko, babangu anauliza show ni lini, na sina wimbo hata mmoja.

Nani hapa amewahi kutunga kitu kizuri akiwa na furaha? Nifundisheni. Na wale wa kuniwekea picha ya Prado, wekeni tu, nimezoea.