Cherehani Chini ya Migomba

Juzi hapa Sekei niliwaona wakopeshaji wakibeba makochi ya jirani yangu, harufu ya majani makavu ya migomba ikanirudia puani.

Nilipokuwa mdogo, mama alikuwa ameweka rehani cherehani iliyotulisha. Marejesho yalipomshinda, aliificha migombani. Mimi nilidhani ni mchezo wa kujificha.

Wakaja wanaume wawili.

"Shikamooni."

"Marahaba, kijana. Cherehani ya mama iko wapi?"

Niliwapeleka mwenyewe, nikayafukua majani huku nacheka.

"Mtoto ana akili kuliko mama yake!" mmoja akasema, akanipa pipi.

Mama hakunipiga. Jioni, ugali ukiwa hauna mboga, aliniuliza, "Pipi ilikuwa tamu, baba?"

Nikamjibu kwamba ilikuwa tamu sana.