Bernadeta Kokulinda, Aliyeosha Wafu kwa Maneno

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, wilayani Muleba, upande wa magharibi wa ziwa, akiwa binti wa Privatus Byabato, mkulima wa kahawa, na mkewe Evelina. Alibatizwa kwa jina la Bernadeta, lakini nyumbani aliitwa Kokulinda, na ndilo jina alilokuwa akijitajia mwenyewe kila alipojisifu, jambo ambalo hakulifanya mara chache. Mama yake alifariki yeye akiwa bado darasa la tatu. Kama ilivyo desturi ya Wahaya, Evelina hakupelekwa makaburini. Alizikwa kwenye kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni. Hivyo Bernadeta alikua akiwa na mama yake karibu. Akitumwa kuni, alipita kwa mama. Akichapwa, alikwenda kushtaki kwa mama. Ukitaka kuelewa mateso yake ya mwisho, anzia hapo, kwenye kile kipande cha udongo chini ya migomba.

Mwaka 1979 aliolewa na karani wa kiwanda cha pamba akavuka ziwa kuja Mwanza. Miaka ilipita bila mtoto. Karani akaona afadhali aanze upya na mwanamke mwingine Shinyanga, akaondoka na redio. Bernadeta alirudi kwao akilia, si kwa ajili ya karani tu, bali kwa hofu ya mwanamke wa Kihaya aliyeachwa: aliyeolewa huzikwa kwa mumewe, je, aliyekataliwa atazikwa wapi? Baba yake, mtu asiye na maneno mengi, alimshika mkono akampeleka kibanjani. "Mume amekukataa. Kibanja hakijakukataa. Hapa kando ya mama yako nimepaacha, ni pako." Tangu siku hiyo Bernadeta alikuwa na mahali pa kwenda, nalo ni jambo ambalo wengi wetu tunalitafuta hadi tunazeeka. Alirudi Mwanza akapanga chumba mtaa wa Pasiansi, akawa anauza ndizi za kupika zilizoletwa na meli kutoka Bukoba. Kila Krismasi alikwenda nyumbani, akapalilia kaburi la mama yake, kisha akajilaza pembeni kupima nafasi yake. Mdogo wake Alexander alikuwa akimcheka. Naye, akiwa amelala chali huku majani ya migomba yakimchezea usoni, alimjibu: "Fupi kidogo. Mtaniongezea upande wa miguu, mimi si mbilikimo kama wewe."

Wito wake ulimjia mwaka 1989. Mwanamke mmoja mgeni alifia katika nyumba ya wageni hapo Pasiansi, amekonda hadi shuka lilikuwa zito kuliko yeye. Ilikuwa miaka ile ambayo ukimwi ulikuwa unawatisha watu hata kushika kikombe cha mgonjwa. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walifika, wakasali rozari barabarani, wakabaki barabarani. Bernadeta aliomba maji ya moto akaingia peke yake. Alimwosha yule mama huku akimsimulia habari za mjini, kwamba mvua imechelewa, kwamba sangara wamekuwa wengi mwaloni wanakoshusha samaki, kwa sababu, alisema baadaye, marehemu alikuwa amekaa muda mrefu bila mtu wa kuongea naye. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka thelathini, kutoka Pasiansi hadi Kisesa, mwanamke akifariki aliitwa Bernadeta. Alikuwa akitangulia na sabuni yake, na nyuma yake alimfuata Wilhelmina, Msukuma, mke wa fundi cherehani aitwaye Chenge, amebeba ndoo. Walitaniana njia nzima. Wilhelmina alimwambia kwamba Wahaya watafika mbinguni wakiulizia viti vya mbele. Bernadeta alimjibu kwamba ndiyo, na Wasukuma watawasogezea.

Ndipo ukaja mwaka ambao wote tunaukumbuka. Ulianza kama habari ya redioni: ugonjwa mkali umezuka nje ya nchi, homa inayoua haraka, inayoambukiza kwa jasho na damu, na zaidi ya yote kwa miili ya waliokufa nayo. Wizara iliutangaza kwa jina la kitaalamu. Kabla ya wiki kwisha Mwanza nzima ilikuwa imeubandika jina la Mgeni. "Mgeni kafika bandarini?" watu waliulizana. "Bado, yuko kwenye meli." Serikali iliweka wapimaji wa joto bandarini na uwanja wa ndege, ndoo za maji na sabuni kwenye kila mlango wa ofisi, ikapiga marufuku mikusanyiko, na kutuma gari la matangazo lililopita mitaani likituagiza tusiwe na taharuki, kwa sauti iliyoleta taharuki. Watu walichemsha malimao, tangawizi, mwarobaini, na mmoja wa Ilemela alichemsha vitu ambavyo mpaka leo hajavitaja. Kanisani tulitakiana amani kwa kuinama. Na kwa kuwa ilisemekana Mgeni angetokea ng'ambo ya ziwa, walionunua ndizi kwa Bernadeta miaka yote walianza kupita mbali. Mama mmoja alimwambia waziwazi, "Dada, ndizi zako nzuri, ila zimetoka kwa Mgeni." Bernadeta akacheka. Jioni alizipika mwenyewe, akala mwenyewe.

Mgeni alipofika kweli, hakufika na meli ya Bukoba. Aliingia Pasiansi na kaka wa Wilhelmina, dereva wa malori aliyerudi safari ya nje akiwa na homa. Wilhelmina alimuuguza, akapona yule kaka, akalala yeye. Bernadeta alikwenda kumwona siku ya kwanza, kila mtu akiamini ni malaria, akamfuta jasho la paji la uso kwa kitambaa. Siku zilizofuata maofisa wa afya walipita nyumba kwa nyumba, wakiongozwa na kijana wa Kisesa aitwaye Maige. Maige aliwaeleza wanajumuiya, akiwa amesimama mbali kidogo, kwamba atakayekufa na ugonjwa huu hataoshwa, hatavalishwa, hataagwa kwa kuguswa. Timu yake ndiyo itakayomchukua na kumzika eneo la serikali nyuma ya Buhongwa, pembezoni mwa mji. Wazee waliguna. Vijana waliwaita watu wa timu hiyo malaika wa plastiki, kwa ajili ya yale mavazi yao meupe, na gari lao lilirushiwa mawe. Watu walianza kuficha wagonjwa. Walianza kuficha na wafu.

Bernadeta alimfuata Maige peke yake. Kijana akamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Nikivaa glavu?" "Hapana, mama." "Nikivaa hayo mavazi yenu?" "Hujafundishwa kuyavua, na kwenye kuyavua ndiko watu wanakufa. Ukimwosha mmoja, nitawazika wote walioosha na wewe." Bernadeta aliitazama mikono yake. Kisha akasema neno ambalo Maige amelirudia mbele ya wengi: "Ugonjwa ule wa zamani Mungu alinitaka niguse. Huu ananitaka nisiguse. Angenionea huruma akanipa wa aina moja."

Wilhelmina alifariki asubuhi ya Jumanne. Chenge alifunga mlango, akawaambia majirani ni malaria, akachemsha maji, akamwita Bernadeta. Alifika. Wanawake wa jumuiya walikuwa wameshakunja vitenge wakimsubiri yeye tu atangulie. Alisimama uani, hakuvuka kizingiti.

"Shemeji, maji yameshapata moto," Chenge alisema. "Ingia."

"Siingii, shemeji. Na hawa hawaingii. Mwite Maige."

"Umewaosha makahaba, umewaosha walevi, Wilhelmina ndiye unamwonea kinyaa?"

"Simwonei kinyaa. Mikono inaniuma kwa kumtaka."

"Basi unaogopa kufa! Umezeeka, hata mtoto huna, unaogopa nini?" Na watu uani, walioosha wafu wao kwa mikono ya huyu mama, walianza kupaza sauti. Mmoja akasema Wahaya ndivyo walivyo, wa kujipenda. Chenge akamaliza kwa neno lililomchoma hasa. "Ni rahisi kwako. Mke wangu atupwe Buhongwa kama takataka. Wewe ukifa, ndugu zako watakuvusha ziwa, ukalale kwenye migomba na mama yako. Si umetuimbia hiyo habari miaka yote?"

Wote waliokuwapo wanakubaliana kwamba Bernadeta aligeuka kutoka mlangoni. Aliangalia upande wa ziwa, ambao kutoka uani pale hauonekani. Kisha akasema: "Sikilizeni. Mgeni akinichukua, nizikwe na hao hao wa plastiki, palepale atakapolala Wilhelmina. Nyumbani nisipelekwe."  Akaketi chini, mbele ya dirisha la chumba cha marehemu, akaanza kusema kwa sauti, vilevile alivyozoea kusema ndani: "Wilhelmina, mwenzangu, sasa nakuosha mkono wa kulia, huu uliobeba ndoo. Sasa nakuosha wa kushoto. Maji si ya moto sana, nimeyapima. Nakuosha miguu, umetembea mno na mimi. Sasa nakuchana nywele, tulia." Alimwosha hivyo, kiungo kwa kiungo, hadi akamaliza. Wanawake nyuma yake walikunjua vitenge vyao wakapiga magoti. Chenge alitoka ndani akaenda mwenyewe kumwita Maige.

Habari hiyo ilisambaa kuliko gari la matangazo. Nyumba zilizokuwa zinaficha wafu ziliita timu, kwa sharti moja: mama Bernadeta asimame mbali na aoshe kwa maneno. Maige, ambaye hakuwa mtu wa ibada sana, alisubiri kila mara hadi amalize ndipo anyanyue. Padre Pius, paroko wetu, aliulizwa kama jambo hilo linaruhusiwa na Kanisa. Alijibu kwamba hajaona mahali lilipokatazwa, na kwamba yeye akifa anaomba naye aoshwe hivyo, taratibu.

Lakini lile jasho la siku ya kwanza lilikuwa limeshafanya kazi yake. Mwanzoni mwa Mei homa ilimwangusha Bernadeta, akapelekwa kwenye mahema ya wagonjwa. Alexander alivuka ziwa. Alikuwa amestaafu ualimu wa chuo, anafahamiana na watu, na kwa njia ambazo si lazima kuzieleza hapa alikuwa amepata jeneza la bati na mtu wa kufumba macho bandarini. Alisimama nje ya uzio, dada yake akiwa ameegemezwa kwenye kitanda upande wa ndani, wakaongea kwa kupaza sauti, muuguzi akisikia.

"Dada, nafasi imeshachimbwa. Nimeongeza upande wa miguu."

Bernadeta alitabasamu, kisha akalia. "Migomba imezaa?"

"Imeinama kwa mikungu. Mmoja umeegemea kwa mama."

"Waitu!" alisema kwa Kihaya, kama mtu aliyepewa maji. Akafumba macho, na muuguzi alidhani amelala. "Ifukie, Alex."

"Dada, ahadi ya uani haimfungi mgonjwa."

"Ukinivusha mimi, kesho Chenge atakwenda Buhongwa na jembe kumtoa wake, na wenzake watamfuata. Ifukie. Ila usiseme kwamba sipataki. Mungu asije akadhani nimempa kitu nisichokipenda. Napataka, Alex. Hata sasa hivi napataka."

Alifariki tarehe 9 Mei, baada ya kupakwa mafuta na Padre Pius kwa kijiti kirefu cha pamba. Walipomleta Buhongwa watu walisimama nyuma ya kamba, na ndipo wakagundua kwamba aliyeosha kwa maneno ndiye anayezikwa, na hakuna mwingine aliyejifunza kazi hiyo.  Aliyeanza alikuwa Chenge, mwanamume, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa maiti ya mwanamke. "Dada Bernadeta," alisema, "nakuosha... naanzia wapi jamani?" Wanawake wakaitikia kwa pamoja, "Mkono wa kulia!" Wakamwosha pamoja naye.

Mgeni aliondoka kabla ya mwaka kwisha. Kanisa halijatamka neno kuhusu Bernadeta, nasi hatulitangulii. Tunasema tu tunayoyajua. Katika timu ya Maige hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Watu wanasema ni maombezi ya Bernadeta. Maige anasema ni mavazi na kuyavua kwa utaratibu, na inaaminika kwamba Bernadeta mwenyewe angekuwa upande wa Maige. Binti wa Chenge, Queen, aliyekuwa hajazungumza tangu mama yake afariki, alianza kusema siku alipopelekwa kwenye kaburi la Bernadeta, na neno lake la kwanza lilikuwa kulalamikia jua. Wapo wengine, wa Kisesa na hata wa Sengerema, wanaosema walipata amani hapo baada ya kushindwa kumuaga mtu wao.

Miaka kadhaa baadaye serikali iliruhusu mabaki kuhamishwa. Jumuiya ya Pasiansi iliketi, na Chenge mwenyewe ndiye aliyesimama kusema kwamba wanamfungua mama yule ahadi yake, arudi kwao. Alexander alikuja na kibali na wachimbaji. Alitembea kati ya safu za makaburi, akasoma majina, akauliza ni wangapi wengine wanahamishwa. Akaambiwa hakuna, ndugu zao hawana uwezo. Alisimama kwa Bernadeta, kofia mkononi, hadi wachimbaji wakaketi kwenye majembe yao. "Mwacheni," alisema mwishowe. "Nikimpeleka peke yake atanigombeza mpaka nife."

Basi tujifunze kwake, hasa sisi tunaotamani kitu ambacho upendo umetukataza kukichukua. Hakutufundisha kuacha kutamani. Alitufundisha kubaki mlangoni na tamaa yetu yote bila kuvuka. Yupo Buhongwa, safu ya tatu, kando ya Wilhelmina. Ukipita barabara ya Shinyanga, shuka, ingia ndani kidogo, umsalimie. Na kama umetokea ng'ambo, mwambie kama mvua imenyesha.