Kitabu cha Mvua cha Mzee Makori

Kwa miaka ishirini na miwili Mzee Makori alipima mvua nyumbani kwake Ogwedhi, na kila Jumamosi aliandika neno moja tu: Sabato. Siku nyingine, saa tatu kamili asubuhi, aliyamimina maji ya kopo la mvua kwenye gilasi yenye alama, akainama mpaka jicho likalingana na maji, kisha akaandika. Maji ya Sabato aliyaacha hadi Jumapili, akayapima yote pamoja.

Nilimfahamu kwenye mafunzo ya wapimaji niliyoyaendesha pale Uriri. Nilimwambia tarakimu zake za Jumapili zinatuharibia hesabu, heri azigawe siku mbili.

"Gawa wewe, mwalimu," akasema. "Mimi naandika nilichokiona."

Alikuwa mkulima wa mahindi, mfupi, shati limefungwa hadi shingoni. Siku za soko la ng'ombe wachuuzi walimpitia kumuuliza kama kutakuwa na majani upande wa Narok. Hakuwahi kuwatabiria. Alisema kazi yake ni mvua iliyokwisha kunyesha.

Mwaka huu, sisi wa ofisi ya hali ya hewa tulipopanga mtandao wa vituo vya mvua kutoka Magunga, jirani na mbuga ya Ruma, hadi Ogwedhi, tulisimamisha kipimo cha kujiendesha kando ya kopo lake. Hakina kioo cha kusomea. Hutuma tarakimu moja kwa moja kwenye kompyuta yetu Homa Bay. Kanuni ya kumbukumbu za zamani niliiandika mimi: kitabu kikipatikana na siku moja ya kubuni, kinakataliwa chote, na kituo kinahamishwa.

Makori alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe saba Aprili. Ijumaa ya wiki iliyofuata, tarehe kumi na saba, nilifika asubuhi na fundi wetu Willis kuchukua kitabu. Mjane wake, Mama Nyamoita, alikitoa ndani ya mfuko wa mbolea alimokihifadhi mumewe.

Kwenye ukurasa niliofungua, mwandiko wa marehemu ulifika tarehe kumi na saba.

"Mama, nani ameandika hizi siku kumi na moja?"

"Mwenyewe. Jumatatu jioni, kitandani. Nilimshikia taa. Alisema ulimwambia kituo kisicho na mwandishi huhamishwa."

Nilikuwa nimemwambia hivyo. Nilisema kama mzaha, ili asichelewe na ripoti.

"Na maji?"

"Nilimwaga kila asubuhi saa tatu, kama yeye. Isipokuwa Sabato. Kupima sijui, mwanangu. Zile alama ni ndogo."

Basi ni za kubuni, nikawaza, na miaka ishirini na miwili imeondoka naye. Nilifungua kompyuta ili nikikatae kitabu kwa haki. Jumanne, kitabu: nne nukta moja. Kipimo chetu: nne nukta moja. Jumatano zilikuwa sawa. Alhamisi, sawa. Jumamosi kipimo kilionyesha sita nukta mbili, na Jumapili tatu nukta moja. Kitabuni, Jumamosi: Sabato. Jumapili: tisa nukta tatu.

Willis alichungulia begani kwangu. "Madam, huyu mzee alikuwa na bando za mbinguni." Hakucheka. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akasema, "Hii ya leo je?"

Ya leo ilikuwa sifuri. Na kaskazini wingu lilikuwa limeshashuka.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Tulisimama barazani tukaiona mvua ikija, ikipiga mabati ya shule, ikipiga mahindi ya jirani mpaka yakalala. Watoto walipita barabarani wamelowa. Mvua ilifika kwenye ua wa Makori, ikasimama. Niliusikia mlio wake pande zote. Vumbi la uwanja halikupata tone.

"Ameshaandika," alisema Mama Nyamoita polepole, kama mtu anayeeleza kwa nini chai imepoa.

Saa tatu nilienda mwenyewe kwenye kopo. Nililiinamisha juu ya gilasi, nikainama hadi jicho likalingana na alama. Halikutoka hata tone. Ndani kulikuwa na buibui mmoja, mkavu.

"Mtakitupa?" Mama Nyamoita aliuliza nyuma yangu. "Niambie tu. Hiki ndicho alichoniachia."

Nilichora mstari mwekundu chini ya Jumatatu, tarehe sita. Juu yake niliandika: yakubaliwe yote. Kando ya siku kumi zilizofuata: hayakuonwa na mpimaji. Halafu nikapiga simu Homa Bay kusema kituo kinabaki Ogwedhi, na kwamba mjane atafundishwa kusoma gilasi. Hawakuniuliza sababu, nami sikuitoa.

Ilibaki siku ya leo. Sifuri yake ilikuwa pale, wino umekauka tangu wiki iliyopita. Chini yake niliandika sifuri yangu, na saa, na jina langu, kwa kuwa niliiona.

Nilipofungua ukurasa uliofuata, ulikuwa mtupu, ila kwenye mstari wa kesho alikuwa ameandika Sabato.