Antena Iliyoinamia Korogwe

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa elimu yangu yote ya shule ya jioni, kwamba maneno ya simu ya upepo yakipigwa na mvua hulowa, huwa mazito, na huanguka. Yale yanayotoka Korogwe kuja kwetu, upande wa Kwaluguru, huangukia Mto Pangani. Maji huyachukua mpaka Hale, na huko mitambo huyasaga yakawa umeme. Habari hii tuliletewa na utingo wa lori aliyewahi kulala Hale. Aliapa kwamba mvua ikinyesha taa za kule huwaka kwa nguvu zaidi, kwa sababu watu wa Handeni na Korogwe wamesemeshana mno. Nani angembishia? Taa alikuwa ameziona yeye. Sisi tulikuwa na vibatari.

Simu yenyewe ilikuwa sanduku la chuma lililokwisha kutumika kwenye shamba la mkonge hata likachoka, ndipo likaletwa kwenye kijiji chetu cha ujamaa. Lilikaa ofisini, nikakabidhiwa mimi kwa kuwa nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni na, kama alivyosema mwenyekiti wa kijiji mbele ya mkutano, "huyu anaongea hata akiwa amelala."

Na sanduku sikuwa na ugomvi. Ugomvi wangu ulikuwa na antena. Lilikuwa bomba la maji lililosimamishwa nje ya ofisi, refu kiasi cha kuwakwaruza malaika nyayo, na juu yake fimbo ya chuma. Kutoka kwenye fimbo ile waya mnene mweusi uliteremka mpaka dirishani. Pale waya uliposhikana na fimbo palikuwa na kiungo, na kiungo kile kimenizeesha kuliko watoto wangu wote.

Masika hayo mke wangu alikuwa Korogwe kwa mama yake. Ilikuwa mimba ya kwanza. Mkunga wetu alimpapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, asijaribu kuzalia hapa, apelekwe karibu na hospitali. Nikampandisha lori la mwisho kabla barabara haijageuka uji. Tukapatana hivi: dada wa simu wa Korogwe, ambaye simu ilikaa nyumbani kwake, jirani na mama mkwe, angenipa neno moja kila jioni. Bado, au tayari.

Siku za mwanzo "bado" ilinifikia safi kabisa, kama ameniambia sikioni. Kisha ikaja mvua kubwa, na sanduku likaanza kukaanga dagaa. Nikaita, "Korogwe, Korogwe, unanipata? Ova!" hadi ulimi ukaota sugu. Dagaa tu. Wakati ule mke wangu huenda alikuwa amejifungua, huenda alikuwa hatarini, na neno lake moja linaelea Mto Pangani kwenda kusagwa. Niliwachukia watu wa Hale wasionijua. Nilijiambia: saa hizi kuna mtu kule anasomea gazeti taa inayowaka kwa mwanangu.

Kulipokucha nikapanda ngazi. Kwetu nta haikosekani, na nta haipitishi maji, basi nikakifunika kiungo chote kwa nta, nikashuka nikijisifu. Saa sita jua la Handeni likatoka. Nta yote ikatiririka kwenye waya, na nyuki wa wilaya nzima wakaja kufanya mkutano. Siku mbili ofisi haikufunguliwa, hata mwenyekiti aligongea mihuri nyumbani kwake.

Nikatafuta mpira wa ndani wa baiskeli, nikaukata vipande virefu, nikakifunga kiungo kuanzia juu nikishuka chini. Mwenyekiti alikuwa ameshika ngazi, shingo imemkakamaa kwa kutazama juu.

"Ndugu fundi, nyumba yako uliiezeka hivyo?"

"Hivyo vipi, ndugu mwenyekiti?"

"Kuanzia kileleni. Nyasi za chini zikalalia za juu."

"Hii ni elimu ya redio, ndugu mwenyekiti. Si mambo ya nyasi."

"Sawa. Na mvua nayo imesoma?"

Nikakaza fundo la mwisho. Jioni mvua ikamjibu yenyewe. Kila pindo la mpira lilikuwa limefungua mdomo kuelekea mbinguni, likakinga maji kama mtungi. Dagaa wakaendelea kukaangwa.

Nilifungua yote, nikafunga upya kutoka chini kwenda juu, kila pindo likilalia lile la chini yake. Safari hii pangekauka, naapa, ila nyaya za kushikilia lile bomba, mlingoti wetu, zilikuwa zimeliwa na kutu, na mwenyekiti akaamua tuweke kamba za katani.

"Katani ya Korogwe, ndugu! Tujitegemee!"

Watu wakapiga makofi. Tukazivuta juani zikakaza hata ungeweza kuzipiga kama zeze. Kila mtu pale alikuwa amelalia kitanda cha kamba, anajua katani ikilowa hujikunja na kukaza, na hakuna hata mmoja aliyelikumbuka hilo, mimi nikiwa wa kwanza kutolikumbuka. Mvua ikanyesha. Kamba tatu zikalowa, zikajivuta. Ya nne, iliyofungwa chini ya ukingo wa paa, ikabaki kavu imelegea. Asubuhi mlingoti ulikuwa umepinda kama mzee anayetafuta kiatu.

"Acha hivyo hivyo," mwenyekiti alisema. "Umeinamia Korogwe. Unatega sikio."

Nilitamani kulia. Kule juu mpira ulikuwa umechanika, kiungo kimeachama, na waya wangu umekunywa maji usiku kucha.

Siku hiyo sikucheka na mtu. Nililaza mlingoti chini, nikaukata waya. Shaba ya ndani ilikuwa imekuwa kijani. Nikapuliza mwisho mmoja, na mwisho wa pili yakatoka maji ya kunywesha ng'ombe. Nikatupa sehemu yote iliyooza, nikakwangua shaba mpaka ikang'aa, nikaunganisha, nikafunga mpira kama mtu anayeezeka, juu yake nikapaka lami. Pale dirishani nikauacha waya uning'inie tumbo, ili matone yadondokee chini, yasifuate waya kuingia ndani. Kamba za katani nikazing'oa. Mwenyekiti, akinung'unika, akatoa waya wa seng'enge wa zizi la kijiji, tukausimamisha mlingoti upya.

Jioni ilinyesha mvua ya kuzamisha tembo. Nikawasha.

"Korogwe, Korogwe, unanipata? Ova."

"Nakupata vizuri kabisa! Kaka, ulikuwa wapi wewe? Ova."

"Mke wangu! Niambie mke wangu! Ova!"

"Tayari, tangu wiki iliyopita. Msichana. Walihangaika naye hospitali, lakini wamepona wote wawili. Mama anakula kuliko mimi. Ova."

Niliruka nikapiga meza hadi akauliza kama nimeanguka. Nilipokaa tena, hasira ya wiki nzima ikanirudia, nikamuuliza alituma "tayari" ngapi zikaishia mtoni.

"Mto gani? Ova."

Nikamweleza yote: kulowa, kuanguka, Pangani, mitambo, taa za Hale. Nilieleza kwa ufasaha, kama nilivyofundishwa jioni. Nilipomaliza, akabonyeza kitufe chake. Kwa mbali, nyuma yake, nilimsikia mtoto mchanga akilia nyumba ya jirani.

"Kaka," alisema, "maneno hayaanguki. Antena yako ilikuwa imekufa. Nilikuita, hukujibu, kwa hiyo sikutuma chochote. Nilizima, nikaenda kumsaidia mama mkwe wako kumwogesha mtoto. Ova."