Miji mitatu ya Kirgizistani niliyozunguka nikimtafuta mdogo wangu

Wakuu, salaam kutoka Deira, hapa Dubai.

Tangu nirudi kutoka Kirgizistani, kila ninayekutana naye hapa Al Rigga ananiuliza swali lile lile: "Kule kuna miji gani ya kwenda kutembea?" Wengi wana likizo fupi, nyumbani ni mbali, na ile nchi ni mwendo wa saa nne hivi kwa ndege. Nimechoka kujibu nusu nusu. Leo najibu yote, na sababu ya safari yangu naitaja, maana sikwenda kutalii. Nilikwenda kumtafuta mdogo wangu.

Mimi ni mlinzi wa jengo. Kwetu ni Tukuyu. Tulizaliwa wanne, mimi wa kwanza. Wazazi walipofariki nilikuwa kidato cha pili. Nikaacha shule, wadogo zangu wakasoma.

Silisemi hilo kutafuta sifa. Nataka mwelewe kwa nini kwetu neno langu halipingwi.

Anayenifuata ni Gwakisa. Nilimleta Dubai kwa visit visa, ile ya matembezi, kazi ikagoma. Visa ilipokaribia kuisha, jamaa mmoja wa Satwa, mtaa wa hapa hapa Dubai, akamtafutia kazi ya hoteli huko Kirgizistani, juu ya mji wa Karakol, milimani, watu wanakokwenda kuteleza kwenye theluji.

Nikamwambia nenda.

Alikuwa ananipigia kila Jumapili. Jumapili moja katikati ya baridi akaniambia, "Kaka, wageni hamna. Mwenye hoteli kafunga, kasafiri, na pasipoti zetu anazo yeye. Wenzangu wanashuka mjini. Na mimi nishuke?"

Wakuu, sisi walinzi tuna sheria moja: huondoki lindoni mpaka mwenzako aje akupokee. Hata akichelewa saa sita, unamsubiri. Nimeishi na sheria hiyo miaka minane, nikadhani inafaa kwa kila jambo la maisha.

Nikamjibu, "Kaa hapo hapo. Akirudi akukute. Nitakuambia lini ushuke."

"Sawa, kaka."

Jumapili iliyofuata simu yake haikupatikana. Nikasema ni mtandao. Iliyofuata nikasema ni chaji. Baada ya hapo nikaishiwa cha kusema. Niliomba ruhusa kazini, kila nikienda najibiwa inshallah, mwezi ujao. Likizo yangu ilitoka baada ya miezi mitatu.

Mutiso, Mkenya ninayelala naye chumba kimoja, aliponiona nafunga begi akaanza: "Buda, watu wakipewa leave wanaenda kwao kuona watoto. Wewe unaenda kuona barafu? Si ufungue tu friji hapa!" Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka. Sikuwaambia ninachokwenda kufanya.

Sasa miji.

Bishkek ndio mji mkuu. Ni mzuri, sitadanganya. Barabara zina miti pande zote, mifereji ya maji inapita kando ya njia, na ukitazama kusini unaona milima myeupe kama imekaa juu ya mapaa ya nyumba. Wazee wanavaa kofia nyeupe ndefu za sufu. Mkate ni wa duara, unaununua ukiwa bado wa moto. Siku mbili zinatosha.

Mimi nilizunguka na picha ya Gwakisa kwenye simu. Watu waliitazama kwa upole, wakatikisa kichwa.

Kutoka hapo nilikwenda Osh, kwa sababu jamaa wa Satwa alidai wafanyakazi wote walihamishiwa huko. Ni safari ya siku nzima kwa gari, mnapita juu sana mpaka masikio yanaziba. Osh ni mji wa zamani. Una mlima wa mawe katikati kabisa, watu wanaupanda kuomba dua. Sokoni mzee mmoja alinijazia mfuko wa matunda makavu, akakataa kulipwa.

Niliupanda ule mlima nikaomba. Ukiwa juu unauona mji wote. Nikawaza, kijana mweusi, mrefu vile, hawezi kupotea machoni pa watu hapa. Siku tatu nimeuliza, hakuna aliyewahi kumwona.

Nikampigia jamaa wa Satwa. Akasema, "Bro, mimi kazi yangu niliimaliza. Khalas." Akakata.

Nikarudi Bishkek, nikaelekea Karakol.

Njia inapita kando ya ziwa la Issyk-Kul, ambalo haligandi hata katika baridi ile. Mjini kuna msikiti wa mbao, wenyeji wanasema umejengwa bila msumari hata mmoja, na kanisa la mbao pia. Kuna tambi za baridi zenye siki na pilipili, zinasifiwa nchi nzima.

Niliingia kibandani kuagiza bakuli. Mama muuzaji hakunipa. Aliniangalia, akaweka upawa chini, akamwita binti yake anayejua Kiingereza.

"Wewe ni ndugu yake Gwaki?"

Jamani, moyo wangu ulivyoruka! "Yuko wapi?"

Binti akamtafsiria mama yake kwanza. Akauliza, "Ni wewe aliyekuwa anakupigia Jumapili?"

"Ndiyo. Mimi ni kaka yake."

"Tulimwambia ashuke. Mama alimpa chumba kwetu. Alisema anasubiri Jumapili, bado hujamwambia."

Alibaki peke yake kule juu. Umeme ukakatwa, akahamia kibanda cha mlinzi, akawasha jiko la makaa ya mawe, akaziba dirisha kwa sababu ya baridi. Ile hewa ya makaa haina harufu, inamkuta mtu usingizini. Mchunga farasi mmoja ndiye aliyemwona, siku mbili baadaye.

Pasipoti haikuwepo. Simu ilikuwa na namba ya siri. Walisubiri mtu aje kuuliza, hakuja mtu, wakamzika.

Walinipeleka. Makaburi yako mwisho wa mji, kwenye misonobari. Msalaba wa mbao, hauna jina. Binti akanitafutia rangi, nikaandika majina yake yote matatu, herufi zikapinda.

Mama yule akasema kitu. Nikamuuliza binti amesemaje.

"Anasema alikuwa mtiifu sana."

Sijawahi kulichukia neno kama nilivyolichukia hilo.

Basi wakuu, kama mnauliza miji, ni hiyo. Karakol nendeni kiangazi.

Na walio wazaliwa wa kwanza kama mimi: mdogo wako akikuuliza "nirudi?", ujue ameshavumilia sana kabla ya kuuliza. Mwambie rudi. Mengine mtayapanga akiwa mbele yako.

Wadogo zetu wawili Tukuyu bado hawajui. Wanauliza habari zake kila siku, nami nawajibu kwamba simu yake imeharibika, na kwa kuwa nimesema mimi, wanaamini. Nimeandika humu jukwaani kwanza kwa sababu ninyi hamnijui.

Aliyewahi kupeleka nyumbani habari ya namna hii, naomba aniandikie hapa chini: sentensi yako ya kwanza ilikuwa ipi?