Treni ya Mwinshehe na Rangi za Mtumbwi

Anayetaka kumfahamu Mwinshehe wa Ujiji aanze na jambo analojisifia, kisha ashuke hadi lile analojicheka. Ni safari fupi.

Analojisifia ni kwamba katika kununua na kuuza hajawahi kuachiwa mfupa. Alianza kwa kutembeza vipande vya sabuni nyumba hadi nyumba, hana baba wa kumrithisha wala mjomba wa kumshika mkono, akaishia na duka lake mwenyewe karibu na soko. Lilikuwa duka la vitu vilivyokwisha tumika: pasi za mkaa, redio, cherehani, viti. Miaka ile ya wakimbizi, watu walipovuka ziwa kutoka Kongo na wengine kushuka kwa miguu kutoka Burundi, vitu navyo vilivuka na kushuka pamoja nao. Mwinshehe alikuwa na neno moja kwa kila alicholetewa. Alikigeuza, akakigonga kwa kidole, akashusha pumzi ya huruma: "Hakina soko, ndugu yangu." Akishasema hivyo, ananunua.

Ndivyo alivyomnunulia Martini treni.

Martini alikuwa mtu wa Uvira, mwembamba, wa maneno machache, aliyepokewa na shangazi yake kule Bangwe. Kwao alikuwa mpishi wa mchungaji mmoja Mwingereza, na mchungaji alipoondoka alimwachia kitu alichokipenda kuliko vyote. Martini alikivusha ziwa ndani ya sanduku la bati, akaja kulitua juu ya meza ya Mwinshehe. Ndani mlikuwa na treni. Kichwa chake kilitosha kiganjani, na nyuma yake mabehewa: ya makaa, ya ng'ombe, na la mwisho lenye kibaraza, analokaa gadi. Kila kimoja kililala katika kijisanduku chake cha karatasi ngumu, kimechakaa pembeni. Treni yenyewe ilikuwa chafu, imejaa masizi na kutu kama iliyotoka Dar es Salaam kiangazi.

"Papa, hivi ni vitu vya Waingereza wakubwa," alisema Martini. "Wanavikusanya. Mchungaji alikuwa anaandikiana na wenzake Ulaya, wanabishania gurudumu la behewa moja miezi na miezi."

"Watu wazima?"

"Wazee wa mvi, papa."

Mwinshehe alikigeuza kichwa, akakigonga, akashusha pumzi. "Hakina soko, ndugu yangu."

Wakakubaliana kwa baiskeli. Martini alihitaji baiskeli ya kupelekea dagaa Kidahwe, na Mwinshehe alikuwa nayo moja ambayo tangu aipate hakuna aliyeiangalia mara mbili. Lakini kabla ya kuondoka, Martini alichomoa kijisanduku kimoja kutoka ndani ya sanduku la bati, akakitia kwapani.

"Hii moja siuzishi. Ndiyo mchungaji aliipenda zaidi."

Mwinshehe alimwachia kwa moyo mkunjufu. Jioni alimweleza mkewe Ashura jinsi wakimbizi walivyo na moyo laini: mtu kavuka ziwa na roho yake tu, bado anang'ang'ania kichezeo!

"Huyo anapanda baiskeli, Baba Zuleha," alijibu Ashura. "Wewe mwenye akili ngumu panda treni, nikuone."

Na kweli haikupandika wala kutembea. Ilitaka reli zake yenyewe na umeme wa namna yake, na reli hazikuwamo sandukuni. Mji ukapata neno. Mwinshehe kanunua treni, kasahau reli. Eliakimu, karani wa stesheni ya Kigoma, mtu wa Dodoma aliyeletwa na kazi na kubakizwa na samaki wa migebuka, alipita kila jioni kunywa kahawa dukani, na kabla ya kuketi husema: "Ya kwetu imechelewa, Mzee Mwinshehe. Ya kwako je?" Mwinshehe hakuona njia nyingine ila kuchukua behewa moja la makaa, akaliweka mezani, akalitumia kutilia sarafu za chenji.

Behewa hilo ndilo lililomvuta Bwana Pampu.

Jina hilo alipewa na watu, maana alikuwa Mwingereza mwenye kazi ya kufunga pampu za maji kambini Kasulu, na Kiswahili chake kilinyooka kama bomba. Aliingia dukani kutafuta birika. Akapokea chenji, akaona chenji inatoka wapi, akaacha birika. Alivua miwani, akalaza shavu lake juu ya meza, jicho usawa wa magurudumu, kama mtoto anayechungulia siafu.

"Hili ni behewa la mgodi wa Wales," alisema bila kuinuka. "Jina la mwenye mgodi hili hapa. Magurudumu yamebadilishwa, mtu aliyebadilisha alijua. Umepata wapi? Kichwa kipo?"

Moyo wa Mwinshehe uliruka, uso wake ukabaki jiwe. "Kipo. Lakini hivi vya familia, bwana. Vya babu yangu."

"Babu yako alifanya kazi reli?"

"Alikuwa karibu sana na reli," alisema Mwinshehe, na hapo hakudanganya. Nyumba ya babu yake ilikuwa inatikisika kila treni ikipita.

Sasa ijulikane kwamba Mwinshehe alikuwa na mtumbwi Bangwe, mkubwa, wa mbao nzuri, unaokwenda kwa makasia. Wenzake walikuwa na mashine za kusukumia mitumbwi. Wao walirudi na samaki wanaorukaruka, wa kwake wakirudi wameshakata tamaa. Mashine ndiyo kitu pekee duniani alichokitaka na kushindwa kukipata kwa maneno. Na Bwana Pampu alikuwa nayo moja, ya kwake mwenyewe, ya kutembelea ziwani siku za mapumziko, na mkataba wake ulikuwa unakwisha. Mashine haiingii ndegeni.

Walivutana kwa adabu, mmoja akisema habari za babu, mwingine akisema habari za springi za chini ya mabehewa, mpaka Bwana Pampu akatamka mwenyewe: "Ijumaa narudi kutoka Kasulu. Nione vyote. Kama viko vile vile kama hili, mashine ni yako."

Maneno "vile vile" Mwinshehe aliyasikia vizuri tu. Aliyachukulia kuwa ni adabu ya mteja. Katika biashara yake, mtu anayeuza pasi yenye kutu ni mvivu, na anayeuza kiti kisichopigwa msasa hamheshimu mnunuzi. Eliakimu naye akatia muhuri. "Stesheni kwetu," alisema, akikunja nne, "akija mkubwa, behewa lake huoshwa, husuguliwa, hupakwa rangi upya. Mgeni hapewi treni chafu, Mzee Mwinshehe. Ni utaratibu."

Basi Mwinshehe akafanya kazi kama mtu anayeandaa bibi harusi. Aliisugua treni kwa jivu na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria mpaka masizi yote yakatoka na bati likaona jua. Magurudumu yalikuwa yanakwaruza, akayatia mawese, kwa kuwa Kigoma hakuna kinachokwaruza kisichotibiwa kwa mawese. Kisha akaipeleka Bangwe kwa Hamdani, mpaka rangi wa mitumbwi. Hamdani ana mwiko mmoja: chombo hakitoki mkononi mwake bila jina, macho na neno la hekima. Kichwa kikatoka kijani na chekundu, mbele kina macho mawili meupe, ubavuni kimeandikwa SUBIRA. Behewa la gadi likapata rangi ya samawati na maneno MGENI NJOO MWENYEJI APONE, yamebanana kwa kukosa nafasi. Kwa seremala, Mwinshehe akaagiza sanduku la mninga lenye kufuli. Vile vijisanduku vya karatasi vilivyochakaa alimkabidhi Ashura asubuhi ya Ijumaa. "Washia jiko, Mama Zuleha. Mgeni atataka chai."

Mgeni alikuja, akapewa chai, akanywa kwa pupa, macho kwenye sanduku la mninga. Mwinshehe alifungua kufuli taratibu kama anayefungua hazina ya sultani.

Wa kwanza kutoka walikuwa sisimizi. Walikuwa wameyafuata mawese, nao sasa walishuka kutoka behewa la gadi kwa mstari, na mizigo yao, kama abiria waliofika mwisho wa reli. Nyuma yao SUBIRA iling'aa na kukodoa macho.

Bwana Pampu alivua miwani, akaivaa tena.

"Nani amefanya hivi?"

"Fundi Hamdani," alisema Mwinshehe kwa fahari. "Bangwe nzima hakuna kama yeye."

"Yale masizi," Bwana Pampu alisema polepole. "Ile kutu. Vilichorwa. Kwa brashi ya nywele chache. Ni kazi ya miezi."

"Mtu anachora uchafu?"

"Ndiyo."

"Kwa makusudi?"

"Ndiyo, Mwinshehe. Ndiyo thamani yake."

Nyuma ya pazia Ashura alishindwa kujizuia. "Kumbe! Basi njooni jikoni kwangu, kuna mali."

Mwinshehe hakuwa mtu wa kulala chini mara moja. Alisema rangi hutoka. Alisema mafuta ya taa yapo.

"Na vijisanduku vyake?" aliuliza Bwana Pampu. "Wakusanyaji huvitaka kama treni yenyewe."

Mwinshehe alikiangalia kikombe. "Ndivyo vilivyochemsha hiyo chai."

Bwana Pampu alikitua kikombe mezani kwa mikono miwili, kama anayeweka shada kaburini. Aliuliza kwa sauti ya mwisho ya matumaini kama babu hakuacha kingine. Hapo Mwinshehe akakumbuka kwapa la Martini. Alimwomba mgeni amalizie chai, ile chai, akatoka kwa mlango wa nyuma, akadandia baiskeli ya jirani, akakanyaga mpaka Bangwe.

Martini alikuwa barazani kwa shangazi yake, anatandaza dagaa. Alipoombwa alikileta kijisanduku bila haraka, akakifungua. Kilikuwa kichwa kidogo cheusi, kimechafuka vizuri, masizi yamekolea pale bomba la moshi linapoanza, na chumvi ya mvuke imekauka ubavuni, vyote vya kuchorwa. Mwinshehe sasa aliyaona. Lakini mazoea ni mazoea. Alikigeuza, akakigonga, akashusha pumzi.

"Hakina soko, ndugu yangu."

Martini alimtazama, shati limemganda mwilini, mnyororo wa baiskeli umempaka suruali. "Papa, kama hakina soko, ni nini kimekukimbiza hivi?"

Hapo hapo gari la Bwana Pampu likasimama mbele ya baraza. Ashura alikuwa amechoka kumwona mgeni akihuzunika, akamweleza ukweli wote: kwamba babu alikuwa mkulima wa mihogo, na mwenye treni anakaa Bangwe. Bwana Pampu alipiga magoti kwenye dagaa. Alikitazama kichwa, akakitazama kijisanduku, akakitazama kichwa tena. Alisema alikuwa ameona picha yake tu. Martini alizungumza naye habari za mchungaji, nani alimwandikia, walibishania nini, akaona kichwa kimepata mtu wa kukipenda kama mchungaji, wakabadilishana, na kabla jua halijageuka mashine ilikuwa imelazwa barazani kwa shangazi, na Mwinshehe mwenyewe ndiye aliyeshika mkia wake kuishusha garini, maana ni nzito.

Bwana Pampu alipoondoka, wote wawili waliiangalia. Mashine barazani haivui samaki. Mwinshehe alijua hilo, na kwa mara ya kwanza siku ile akili yake ilimrudia.

"Mimi nina mtumbwi," alisema.

"Ninaujua, papa."

Walishuka ufukweni. Martini aliuzunguka mtumbwi taratibu. Aliingiza kidole kwenye maungio ya mbao. Aliinama kuangalia tumbo lake. Kisha akaugonga mara mbili, akashusha pumzi ndefu ya huruma.

"Hauna soko, papa."

Mwinshehe alitaka kukasirika, akajikuta anacheka mpaka akakaa mchangani. Miaka yote amelitumia neno lile, hajawahi kulisikia kutoka upande wa pili wa meza. Alijua kinachofuata. Walikubaliana nusu kwa nusu, baada ya yeye kuomba zaidi na kunyimwa.

Mashine bado inanguruma asubuhi. SUBIRA ipo rafuni dukani, haiuzwi, wala hakuna aliyeitaka. Eliakimu akipita huuliza kama imefika. Mwinshehe humjibu kwamba ilishafika zamani, ila ilimshushia mzigo mtu mwingine.